Dakika Moja ya Jikoni

Wewe uliyekosa kunisoma majuma yaliyopita sikulaumu. Mimi mwenyewe ningeyakosa kama ningeweza.

Naitwa Edwige Leproust, nina miaka ishirini na sita, na ni mhandisi wa takwimu katika kikosi cha mbio cha kampuni ya magari ya Tavernel. Wanaonifuata wanajua jinsi nilivyomsahihisha mkuu wangu kwenye redio mwezi wa Aprili, kikosi kizima kikisikia, kumbe aliyekosea ni mimi. Tangu siku ile siongei kwa sauti, na naitwa Panya. Wanajua pia kwamba Thibault alivunja uchumba wetu kwa ujumbe wa simu wa maneno manne.

Nilidhani pale nimefika chini. Sikujua kwamba hata chini kuna ngazi ya kuteremka.

Leo nasimulia wiki ya mbio za saa ishirini na nne, hapa kwetu Le Mans. Mwenyekiti wa bodi alikuwa ametamka gazetini kwamba gari letu hata moja likihesabiwa kuwa limemaliza mbio, Tavernel itabaki kwenye mbio hizi misimu mitatu zaidi. Lisipohesabiwa, karakana ya mbio itafungwa Septemba.

Karakana ile ina watu tisini na wanne. Mmoja wao ni Mjomba Anselme.

Si mjomba wangu wa damu. Ni fundi mkuu wetu, na kila Juni kwa miaka ishirini na miwili amepanga chumba cha juu nyumbani kwa Bibi yangu Ghislaine, kule Arnage, kilomita chache kutoka uwanjani. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Yeye ndiye aliyeniandikia barua ya kunitafutia kazi hii. Ana miaka hamsini na saba, hana mke, hana mtoto, na hajui kazi nyingine.

Jumatatu ya wiki hiyo, Madame Quesnel alinikuta kwenye ngazi nyuma ya vibanda vya mafundi. Ni mkurugenzi wa mipango kutoka Paris, na anapoongea na mtu huangalia kitu kilicho nyuma ya kichwa cha huyo mtu.

"Wewe ndiye unayeandika vizuri na huongei," alisema.

"Ndiyo, Madame."

"Nataka waraka wa kurasa tano kwa ajili ya bodi. Tubaki kwenye mbio au tuondoke. Andika mbili. Mmoja nitautumia gari likimaliza, mwingine lisipomaliza. Na kila mmoja uandike kama unauamini."

"Lakini Madame, mimi..."

"Wewe nini?"

"Hakuna kitu, Madame."

Nikaandika. Waraka wa kubaki ulinitoa jasho siku mbili. Niliandika kwamba breki, taa na matairi ya magari ya kawaida yamejifunza kazi kwenye mbio hizi. Niliandika kwamba kampuni isiyothubutu kushindwa mbele za watu haina sababu ya kuaminiwa inapojisifu. Kila sentensi niliivuta kama ndoo kutoka kisimani.

Waraka wa kuondoka ulinitoka kwa mchana mmoja. Niliandika kwamba majaribio ya breki siku hizi hufanyika ndani ya kompyuta. Kwamba anayenunua gari la familia hajui nani alishinda Le Mans mwaka jana, wala hajali. Kwamba wahandisi wetu bora wanatumia maisha yao kutafuta sekunde mbili ambazo hakuna mteja atakayezipanda.

Nikazisoma zote mbili tena. Huu ndio uliokuwa na uhai.

Jumatano jioni tulikula kwa Bibi, jua bado liko juu. Tulikuwa wanne: Bibi, Mjomba Anselme, mimi, na Firmin wa matairi, mpangaji wa chumba cha pili, mtu mnene mwenye mdomo usiopumzika. Bibi alikuwa ameweka mkate na nyama ya nguruwe ya kupaka, ile ya kwetu, na chupa mbili za sida, ile pombe ya tufaha.

Firmin alifungua gazeti juu ya sahani yake. "Sikilizeni Mwenyekiti. Anasema mbio hazimuuzii hata gari moja. Anasema watu wananunua gari kwa kuangalia kama viti vya watoto vinaenea."

"Hajadanganya," alisema Bibi. "Mimi langu nililipendea rangi."

"Mama Ghislaine," alisema Mjomba, "breki za hilo gari lako la rangi zilizaliwa hapa. Mvua inanyesha, unakanyaga, linasimama. Unadhani ni nani aliyekusimamisha?"

"Nilidhani ni mguu wangu."

Firmin alicheka hadi akakohoa. "Waende zao basi hawa watengenezaji. Mbio zilikuwepo kabla yao. Wenye pesa zao watakuja na magari yao binafsi, kama zamani."

"Watakuja," alisema Mjomba. "Wewe utakuwa wapi? Tajiri mwenye gari moja haajiri mbadilisha matairi anayepumua kama trekta."

"Atakuajiri wewe, Mzee, umfungulie mlango."

"Watengenezaji wana tabia za marehemu mume wangu," alisema Bibi, akikata mkate. "Wanaondoka wakibamiza mlango. Baada ya miaka minane unawaona barazani na maua. Kosa ni kuwafulia nguo wakati hawapo."

Tulicheka wote. Mjomba ndiye aliyeacha kwanza.

"Mimi miaka minane sina, Mama," alisema.

Firmin hapendi meza inyamaze.

"Mnajua kuna mtu wetu anawaandikia Paris?" alisema. "Nimesikia kwa dereva wa lori. Kuna waraka wa kutufukia, na aliyeshika kalamu anakula nasi. Nikimjua namwosha kichwa kwa mafuta machafu ya giaboksi."

Nilikuwa nakata jibini. Kisu kilinidondoka sakafuni.

"Panya kaangusha kisu," alisema Firmin. "Usitetemeke, Panya. Jibini lote ni lako."

"Mwache mtoto," alisema Mjomba.

Niliinama kuokota kisu, nikakaa chini ya meza muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi asubuhi, siku ya kuanza mbio, nilishuka jikoni nikakuta saa ya mkononi ya Mjomba kando ya sinki. Ni saa ya zamani ya kujaza kwa mkono, aliyorithi kwa fundi mkuu aliyemtangulia. Mjomba alikuwa ameivua kunawa, akaisahau. Nilipoiweka sikioni, kimya. Usiku wa kuamkia siku ile hakulala, na kwa mara ya kwanza alisahau kuijaza.

Niliwaza atakavyoumia akiikuta imekufa siku kama ile. Nikaijaza taratibu hadi ikakaza, nikainua macho kwenye saa ya ukutani, nikailinganisha mishale hadi kwenye sekunde. Kisha nikairudisha pale pale, na kuifuta maji.

Baadaye nilimwona akiichukua na kukizungusha kitufe chake. Kilikuwa kimekaza.

"Kumbe nimeshaijaza," alisema, akajicheka. "Nazeeka, Edwige."

Nilitabasamu. Nilidhani wema mzuri ni ule usiotangazwa.

Mbio zilituanzia vibaya. Gari letu moja liligonga ukuta kabla ya alfajiri, dereva akatoka akiwa mzima. Lililobaki, namba thelathini na nane, lilikimbia vizuri hadi Jumapili saa tisa na nusu alasiri. Ndipo giaboksi ikakwama kwenye gia ya tatu, umeme ukakatika nusu. Redio ilikufa. Dashibodi ilikufa. Joost, dereva wetu Mholanzi, aliliburuta hadi kibandani, na mzunguko huo ulimchukua dakika kumi na nusu badala ya tatu na nusu.

Mjomba alitambaa chini ya gari, akatoka na uso mweusi.

"Lina mzunguko mmoja," alisema. "Miwili halina."

Mmoja ulitosha. Kwenye mbio hizi, gari huhesabiwa kuwa limemaliza likivuka mstari kwa nguvu zake lenyewe baada ya saa ya ishirini na nne kutimia, yaani baada ya saa kumi kamili jioni. Ndiyo maana utaona gari bovu limekalishwa kibandani, mafundi wamelizunguka kama mgonjwa, linasubiri dakika za mwisho. Likitoka mapema, litavuka mstari kabla ya wakati na kulazimika kuzunguka tena. Letu lisingeweza kuzunguka tena.

Wala lisingeweza kuchelewa sana. Likizimwa haliwaki, na likinguruma limesimama linachemka.

"Litoke zikiwa zimebaki dakika kumi kamili," alisema Mjomba. "Litavuka nusu dakika baada ya saa kumi. Nusu dakika inatosha. Zaidi ya hapo tutakuwa tunapika supu."

Kikosi chetu kina desturi yake. Zamani sana, skrini zote zilizimika dakika za mwisho, na fundi mkuu wa wakati ule akaliokoa gari kwa saa yake ya mkononi. Tangu hapo, mzunguko wa mwisho hauitwi na mashine. Unaitwa na mkono wa fundi mkuu, kwa saa ileile. Wote husimama nje wakiangalia ule mkono. Anayebaki mbele ya skrini ni mtu mmoja, mwenye kitufe cha kuongea kwenye hedifoni za wote, ikiwa kuna hitilafu. Saa kubwa ya uwanja haionekani kutoka kibandani kwetu.

Mhandisi mkuu alikuwa ameitwa kwa waamuzi kuhusu ile ajali. Aliyebaki mbele ya skrini ni mimi.

Skrini ilisoma: zimebaki dakika kumi na mbili.

Na Mjomba akasema kwenye hedifoni, kwa sauti yake ya utulivu, "Dakika moja."

Nilisoma skrini tena. Kumi na mbili, zikianza kupungua. Ili zibaki kumi, zilitakiwa kupita dakika mbili. Yeye amesema moja.

Jambo la kwanza nililowaza lilikuwa kwamba amekosea. La pili lilikuwa Aprili.

Kwenye laini ile walikuwa wote. Mafundi, Joost akiwa amefungwa kwenye kiti na kuunganishwa kwa waya wa kibandani, wakurugenzi wa Paris wakiwa juu kwenye chumba cha wageni. Nikikosea tena, mara hii mbele ya bodi nzima, mbele ya gari ambalo maisha ya watu yalikuwa juu yake? Labda Mjomba ameongeza akiba kwa sababu ameona kitu chini ya gari. Labda ni skrini. Ana miaka thelathini katika kazi hii, mimi nina mitatu.

Sekunde arobaini.

Ndipo nikakumbuka kigoda.

Bibi yangu, kila Jumapili ya kwanza ya Juni, huisogeza mbele saa ya jikoni kwa dakika moja. Alianza mwaka ambao mpangaji wake alichelewa basi la kikosi akafukuzwa kazi. Dakika moja tu, ili mtu asigundue. Wapangaji hawajui. Ni siri ya nyumba. Na tangu nikiwa na miaka saba, anayepanda kigoda na kuusukuma ule mshale ni mimi.

Mwaka huu pia niliusukuma mimi. Na Jumamosi asubuhi, kwa mkono huohuo, niliihamisha dakika ya Bibi kutoka ukutani nikaiweka kwenye saa ya Mjomba.

Sekunde ishirini na tano.

Nilibonyeza kitufe. Taa ya kijani iliwaka. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni pumzi.

"Nani anapumua kwenye laini?" ilikuwa sauti ya Firmin. "Panya, toka kwenye laini."

Mtu mmoja alicheka.

Nikaachia kitufe.

Nimejiuliza tangu siku hiyo, na nakuuliza na wewe msomaji: ulimi wangu uliganda kwa aibu, au kuna sehemu yangu iliyokuwa tayari imeuamini ule waraka wa pili? Ningependa kukuapia kwamba ni aibu. Sina uhakika wa kuapa.

Mkono wa Mjomba ulishuka. Gari likatoka. Skrini ilisoma kumi na moja kamili.

Wenzangu walikumbatiana. Mimi nilikaa nikipiga hesabu ambayo haikuhitaji kompyuta. Kumi na moja kutoa kumi na nusu. Litavuka mstari zikiwa zimebaki sekunde thelathini.

Dakika saba nzima nilikaa pale. Ya nane ikanikuta nimesimama. Nilikimbilia ukuta wa barabarani, alipokuwa Firmin ameshika ubao wa kumwonyesha dereva. Umati ulikuwa unanguruma, honi, filimbi, magari mengine yakipita kwa mstari kuaga.

Nilimvuta mkono. "Mwandikie asimame kabla ya mstari."

"Nini?"

"Asimame. Kabla ya mstari."

"Ongea kama mtu, Panya, sikusikii."

"Asimame, Firmin, tafadhali, amewahi..."

Namba thelathini na nane ikapita mbele yetu, polepole, ikitoa moshi mweupe. Joost alikuwa ametoa mkono dirishani, anapungia watu.

Akavuka mstari. Bendera ya kumaliza mbio haikuanguka.

Niliona mkono wake ukisita hewani, kisha ukarudi ndani. Hakuwa na la kufanya isipokuwa kuendelea. Nusu dakika baadaye saa kumi ilitimia, ving'ora vikalia, watu wakaruka uzio. Kwenye skrini ya juu ya jukwaa tuliona gari letu likipunguza, likipunguza, na kusimama kwenye kona ya Tertre Rouge, likiwa limeegemea nyasi kama ng'ombe aliyechoka.

Mjomba Anselme aliangalia skrini. Kisha akaangalia saa yake. Akaigonga kwa kidole, akaiweka sikioni. Ilikuwa inatembea.

Hakuna aliyemlaumu. Hilo lilikuwa baya kuliko lawama.

Tulikuwa bado tumesimama hivyo Madame Quesnel alipoingia kibandani na viatu vyake vyeupe. Aliwapita mafundi wote. Aliwapita Joost, aliyekuwa amesharudishwa na sasa analia, na Mjomba aliyekuwa amekaa juu ya tairi. Alikuja hadi kwangu, na kwa mara ya kwanza aliniangalia usoni. Akaushika mkono wangu.

"Nitaupeleka ule wa pili," alisema, si kwa kunong'ona. "Umeandikwa vizuri sana. Nimeusoma mara mbili. Wewe hupaswi kuwa huku, Mademoiselle. Kuanzia Septemba una meza Paris."

"Madame, mimi sikutaka..."

"Wewe nini?"

Tisini na watatu walikuwa wananiangalia.

"Hakuna kitu, Madame," nilisema.

Saa moja jioni tulikuwa jikoni kwa Bibi, sisi wanne walewale. Kwenye mlango wa stoo ya chakula, Mjomba ameandika jina lake kila mwaka kwa chaki ya njano ya kuandikia matairi, na mwaka, na nafasi waliyomaliza. Bibi haruhusu mtu aupake rangi mlango ule. Majina ishirini na moja, kutoka juu kushuka. Chaki ilikuwa mezani. Hakuna aliyeigusa.

"Andika, Mzee," alisema Firmin. Alikuwa amekunywa sida bila kula. "Andika sifuri. Au mpe Panya aandike, ana mwandiko mzuri. Kurasa tano, sivyo? Ulituandikia kaburi huku unatukatia jibini?"

"Niliandika mbili," nilisema.

"Ongeza sauti."

"Niliandika nyaraka mbili. Aliniamuru. Mmoja ulikuwa wa kubaki."

"Na ukakaa mbele ya skrini. Ulikuwa na kitufe. Uliona saa ya Mzee imewahi au hukuona?"

"Firmin, basi," alisema Mjomba.

"Anajibu kwanza."

"Nimesema basi. Edwige hakuiwahisha saa yangu. Saa ni yangu, mkono ni wangu, kosa ni langu. Kesho nitakwenda Paris nisimame mbele ya bodi niwaambie hivyo. Gari lilikuwa zima kwa mzunguko mmoja, aliyeliua ni mzee mmoja mjinga na saa mbovu. Labda wakipata wa kumfukuza, watawaachia wengine."

Alivua saa. Akaishika kiganjani, kisha akaisukuma juu ya meza hadi mbele yangu.

"Ichukue wewe. Wewe umesoma. Wewe usingekosea hivi."

Sikuweza kuigusa. Ilikuwa inalia tiki, tiki, kati ya mkate na chumvi.

Bibi alikuwa kwenye sinki, mgongo kwetu, hajasikia nusu ya maneno kwa sababu ya maji. Alifunga bomba, akafuta mikono kwenye aproni.

"Haya, yamekwisha ya mwaka huu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka kuchangamsha nyumba. "Edwige, panda kigoda unirudishie dakika yangu."

Sikusogea.

"Dakika gani, Mama Ghislaine?" aliuliza Mjomba.

"Ah, sasa nikufiche nini, na hurudi tena." Bibi alicheka kidogo. "Ile saa ya ukutani. Kila Juni naisogeza mbele dakika moja msichelewe basi. Miaka yote hiyo nimewaibia dakika moja moja na hamkujua. Panda, mwanangu, mbona umesimama hapo kama nguzo?"

Nikapanda. Sijui kwa nini nilipanda. Miguu yangu imezoea kumtii.

Nyuma yangu nilisikia Mjomba akiichukua saa kutoka mezani. Nilijua anafanya nini bila kugeuka. Alikuwa anaiangalia ya kiganjani, kisha ya ukutani juu ya kichwa changu. Zilikuwa zinatembea pamoja, sekunde kwa sekunde.

"Jumamosi niliikuta imejaa," alisema taratibu, kama anayesoma. "Nilidhani nimeijaza mwenyewe."

Firmin aliweka chini glasi yake.

"Nani aliijaza saa yangu?"

Niligeuza kichwa. Bibi alikuwa ananiangalia. Bibi yangu ameniangalia usoni tangu nina miaka minne, tangu alipozikwa mama yangu, na hakuna kitu kwenye uso huu asichoweza kukisoma. Nilimwona akisoma. Nilimwona akimaliza.

"Mimi," alisema Bibi.

"Wewe?"

"Ilikuwa kwenye sinki, imekufa. Nikaijaza. Nikailinganisha na hiyo ya ukutani. Sikufikiri. Mimi mzee, Anselme."

Mjomba alisimama. Nilingoja apige meza, na nadhani Bibi alingoja hivyo pia, maana alijishika kwenye sinki. Hakupiga. Aliongea kwa upole, na ule upole ndio ulionichana.

"Miaka ishirini na miwili, Mama Ghislaine. Nilidhani nina nyumba hapa. Kumbe nilikuwa nimepanga kwa mtu anayechezea saa."

"Anselme, mwanangu..."

"Usiniite hivyo."

Alichukua kitambaa cha vyombo, akakilowesha kwenye bomba, akaenda hadi kwenye mlango wa stoo. Alianza juu kabisa, kwenye mwaka wa kwanza. Chaki ya matairi hutoka kirahisi ikipata maji. Jina la kwanza liligeuka utepe wa njano ukashuka hadi sakafuni.

"Mzee," alisema Firmin. "Mzee, ngoja."

Hakungoja. La pili. La tatu.

Bibi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, akatikisa kichwa polepole, kidogo sana, kama alivyokuwa akinifanyia kanisani nilipokuwa mtoto. Nyamaza.

La tano. La sita.

Nilikuwa bado juu ya kigoda, kidole kwenye mshale wa saa. Hapakuwa na umati, honi wala kitufe. Palikuwa na kitambaa tu, kikisugua mbao.

Mjomba alifika jina la nane. Yalibaki kumi na matatu.

Nilifungua mdomo.